Nani Anampisha Nani: Kusoma Vyeo vya Paka wa Nyumba Moja

Muulize mtu anayefuga paka wanne ni yupi mkubwa wao, na bila kusita atakuonyesha yule anayewapiga wenzake makofi karibu na sahani. Mara nyingi jibu hilo si sahihi. Paka anayefoka na kurusha makucha kila jioni kwa kawaida ndiye asiye na uhakika na nafasi yake. Mwenye nafasi yake hukatiza sebule polepole, na kabla hajafika kwenye kiti, aliyekuwa amekikalia ameshashuka. Huko kushuka ndiko kwa kuangalia. Anayetaka kuelewa paka wengi wanaokaa pamoja ajiulize nani anampisha nani, wapi, na saa ngapi.

Nimesema wapi na saa ngapi kwa sababu paka hawajipangi mstari mmoja kama kuku. Ukiwatazama kuku wa boma lolote la Vihiga au Siaya wakati wa kurushiwa mahindi, utaona mpango ulionyooka: wa kwanza anamdonoa yeyote, wa pili anawadonoa wote ila wa kwanza, na wa mwisho anadonolewa na kila mtu. Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe aliueleza mpango huo kisayansi mwanzoni mwa miaka ya 1920, na tangu hapo watu wameubandika kwa kila mnyama wanayemfuga. Kwa paka haushiki. Mjerumani Paul Leyhausen, aliyewachunguza paka kwa miaka mingi, alionyesha kwamba cheo cha paka hubadilika kulingana na mahali na wakati. Paka mweusi anaweza kuwa mwenye dirisha asubuhi, kisha alasiri akamwachia wa kijivu bila neno. Wakikutana kwenye korido nyembamba, aliyetangulia kuingia ndiye anayepita. Yule mwingine, hata awe na nguvu kumshinda, mara nyingi hukaa chini, akaangalia pembeni na kusubiri.

Sababu iko kwenye ukoo wao. Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa Afrika, Felis lybica, ambaye hadi leo yupo Kenya na huwinda peke yake. Panya mmoja ni mlo wa paka mmoja, hakuna cha kugawana, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kundi la uwindaji lenye kiongozi na wafuasi kama la mbwa mwitu. Lakini chakula kikirundikana mahali pamoja, iwe ni ghala la mahindi, mialo ya samaki au jalala nyuma ya hoteli, paka huweza kukaa kwa makundi. Kiini cha makundi hayo huwa ni majike wa ukoo mmoja: mama, binti, dada. Hukaa karibu, hulea watoto pamoja na hata kuwanyonyesha watoto wa mwenzao. Madume huzunguka pembeni.

Sasa linganisha na nyumba zetu. Mmoja umepewa na jirani Kondele, wa pili umemwokota Mamboleo akiwa amelowa mvua, wa tatu umeletewa na shangazi kutoka Bungoma ndani ya katoni. Hawa si ukoo. Ni wageni watatu waliofungiwa nyumba moja, na ukweli kwamba wengi wao huishi bila kuumizana ni jambo la kuheshimiwa. Ukitaka paka wawili na bado hujachukua hata mmoja, chukua ndugu wa tumbo moja. Hilo peke yake linakuepushia nusu ya matatizo nitakayoyaeleza.

Kinachogawanywa kwanza ni joto. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai baridi yake haina utani. Huko nafasi ya thamani ni juu ya dekoda, nyuma ya friji, miguuni mwa kitanda, na kile kipande cha sakafu kinachoangukiwa na jua la saa tatu asubuhi. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, hesabu inageuka. Saa nane mchana chini ya mabati hakuna anayegombea blanketi. Wanagombea saruji iliyo karibu na mtungi wa maji, sakafu ya bafu, na kizingiti cha mlango unaoingiza upepo wa ziwa. Familia ikihama kutoka mji mmoja kwenda mwingine, paka waliokuwa wakipishana vizuri wanaweza kuanza kukwaruzana, kwa sababu mahali palipokuwa hapana mwenyewe sasa panatakiwa na wote.

Kwenye maboma ya Kakamega au Bungoma, ambako paka wanawekwa kwa ajili ya panya, mgawanyo ni mpana zaidi: mmoja ghalani, mmoja jiko la nje, mmoja zizini. Wanaweza kupita siku nzima bila kuonana. Wanakutana wakati wa kukamua, wote wakingojea matone, na hapo ndipo ugomvi wa boma unapotokea. Anayewaona saa hiyo tu atadhani wanachukiana kutwa nzima.

Jinsi ya kuangalia, basi. Chora ramani ya nyumba kwenye karatasi moja: milango, madirisha, sahani, maji, beseni la choo, sehemu za kulala, na njia finyu kama vile kati ya kochi na ukuta. Chagua nyakati mbili ambazo paka huwa macho zaidi, asubuhi kati ya saa kumi na mbili na saa moja, na jioni kati ya saa kumi na mbili na saa mbili. Kaa dakika 20 kila kipindi, mahali pa chini, simu pembeni, bila chakula mkononi. Wiki mbili zinatosha kukupa picha unayoweza kuiamini. Kila tukio liandikie mambo manne: nani alikaribia, nani alipisha, wapi, saa ngapi.

Kupisha kuna sura tatu. Kuna kuhama, pale paka anapoacha kiti mwenzake anapokaribia. Kuna kusubiri, pale anaposimama hadi mwenzake amalize kupita au kula. Na kuna kugeuka, pale anapoona njia imekaliwa akarudi au akazunguka. Kupigana kuandike ukurasa wa peke yake, kwa sababu vita ni ishara kwamba jozi hiyo haijakubaliana, na ukivichanganya na kupisha utapata hesabu isiyo na maana. Baada ya wiki mbili chora jedwali: majina ya wanaopisha upande wa kushoto, majina ya wanaopishwa juu, na alama moja kwa kila tukio. Jedwali la chakula lake, la kulala lake, la milango lake. Hapo ndipo utaona kwamba yule anayepisha kwenye sahani mara tisa kati ya kumi ndiye anayepishwa kwenye dirisha.

Angalia sana visanduku vilivyobaki vitupu. Jozi isiyo na alama hata moja huonekana kama jozi yenye amani, na wakati mwingine ndivyo ilivyo. Lakini rudi kwenye ramani. Ikiwa mmoja wao wiki nzima amekuwa juu ya kabati la nguo, anashuka watu wakilala na kula makombo, basi hapishi kwa sababu ameshaondoka kabisa kwenye maisha ya nyumba. Kwa maoni yangu huyo ndiye paka wa kushughulikiwa kwanza, kabla ya yule mgomvi.

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuwawekea sahani moja ili kuona nani atakula kwanza. Jaribio hilo linazaa ugomvi ambao haukuwepo, na anayeshindwa hujifunza kumeza haraka haraka kisha kutapika. Kosa lingine ni kuandika pale tu panapokuwa na kelele. Mambo makubwa ya paka hutokea kimya.

Tazama mlango wa jikoni. Wa kijivu amelala kwenye kizingiti, miguu ya mbele imekunjwa chini ya kifua. Anaonekana anapumzika. Mwenye madoa anatoka chumbani, anamwona, anasimama hatua tatu kabla ya kumfikia. Wa kijivu hainuki. Anageuza kichwa na kumkazia macho bila kupepesa, ncha ya mkia ikianza kugonga sakafu. Masikio yake yamesimama, ila yamezunguka kidogo kiasi kwamba ukiwa mbele yake unaona upande wa nyuma wa sikio. Mwenye madoa analamba pua mara moja, anaangalia ukuta, anaketi na kuanza kulamba bega ambalo halikuwa na uchafu. Muda kidogo baadaye anageuka na kurudi alikotoka. Hakuna aliyelia, hakuna unywele ulioanguka. Ila beseni la choo liko jikoni.

Usiku huo mwenye madoa atakojoa kwenye godoro, na asubuhi atachapwa na kuitwa mchafu. Kumchapa kunaongeza hofu, hofu inaongeza mkojo, na wa kijivu anaendelea kusifiwa kwa utulivu wake. Dawa ya hali hii ni beseni la pili upande wa pili wa nyumba, ambako njia haipiti jikoni.

Ishara nyingine zinasomwa kinyume. Kulambana huchukuliwa kuwa mapenzi matupu, na kati ya ndugu waliokua pamoja mara nyingi ni mapenzi kweli. Lakini Mholanzi Ruud van den Bos, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1998 juu ya paka waliokaa pamoja ndani, aliona kwamba wa vyeo vya juu huwalamba wa chini zaidi kuliko wa chini wanavyowalamba wa juu, na kwamba anayelamba huweza kumgeukia mwenzake kwa ukali baada ya kumlamba. Angalia mkao wao: anayelamba mara nyingi yuko juu, amesimama au ameketi wima, na ulimi uko kichwani na shingoni. Akimaliza kwa kumng'ata mwenzake shingo na yule akaondoka, andika hilo kwenye jedwali kama kuhama.

Mkia uliosimama wima kama mlingoti ni salamu njema. Anayeukaribia uso wa mwenzake akiwa ameunyanyua anasema amekuja kwa heri. Waitaliano Simona Cafazzo na Eugenia Natoli walichapisha mwaka 2009 kwamba paka wa vyeo vya chini ndio huonyesha mkia huo zaidi mbele ya wale wa juu. Kwa hiyo anayeingia chumbani mkia juu kila mara si lazima awe mwenye majivuno. Huenda ndiye anayeomba hodi. Baada ya hapo hufuata kusuguana mashavu na mbavu. Mashavuni, kwenye paji la uso, kati ya vidole na penye shina la mkia paka ana tezi za harufu, na kule kusuguana kunazaa harufu moja ya nyumba ambayo wote wanaitambua. Ukikumbuka harufu hiyo, matatizo mengi nitakayoyataja chini yataeleweka.

Mchezo na vita hutofautishwa kwa masikio kabla ya macho. Mchezo hauna sauti kubwa, wanabadilishana nafasi ya kukimbiza na kukimbizwa, makucha yamefichwa, na wanapumzika katikati. Vita vina ule mlio mrefu wa chini unaopanda polepole, manyoya yamesimama, na mmoja hukimbiza siku zote huku mwingine akikimbia siku zote. Ukisikia ukimya lakini anayekimbizwa ni yuleyule kila jioni, huo si mchezo kwake.

Umri nao una neno lake. Paka hufikia utu uzima wa kijamii kati ya miaka 2 na 4, na hapo ndipo nyumba iliyokuwa tulivu huanza kuchafuka bila sababu ya wazi. Watu hudhani paka amerogwa au ameanza wazimu. Alikuwa kijana, sasa anataka mahali pake. Dume asiyehasiwa huanza mapema zaidi: anapiga mkojo ukutani akiwa amesimama, mkia ukitetemeka, na hiyo ni alama ya mpaka, tofauti na haja ndogo ambayo paka huchutama sakafuni. Kuhasi kabla ya kufikisha miezi 6 huzuia mkojo wa ukutani kwa madume walio wengi. Ukimhasi leo usitarajie mabadiliko kesho, kwa maana homoni hubaki mwilini kwa wiki kadhaa na katika muda huo bado anaweza kumpa jike mimba, ambayo huchukua siku 63 hadi 65. Majike nao wafungwe kizazi, kwa kuwa jike mmoja anayelia akitafuta dume anawaamsha madume wote wa mtaa, na paka shume akianza kuzunguka dirishani hakuna mpangilio wa ndani utakaodumu.

Sasa nyumba yenyewe. Madaktari wa mifugo wana kanuni ya choo: idadi ya paka, jumlisha moja. Paka watatu, mabeseni manne. Na mabeseni mawili yaliyowekwa ubavu kwa ubavu, machoni pa paka ni choo kimoja, kwa sababu mmoja anaweza kuyalinda yote akiwa amekaa palepale. Katika chumba kimoja cha ploti ya Langa Langa au Nyalenda hakuna nafasi ya manne, najua. Weka mawili kwenye pembe zinazotazamana, uyasafishe mara mbili kwa siku, na ikiwezekana chimbua udongo kando ya ukuta wa nje, kama sentimita 60 kwa 60, uchanganye na mchanga. Urefu wa beseni uwe mara moja na nusu ya urefu wa paka kuanzia pua hadi shina la mkia, yaani beseni la karibu sentimita 70 kwa paka mkubwa. Beseni la kufulia la plastiki linafaa. Kata upande mmoja ubaki sentimita 12 ili paka mzee au mwenye hofu aingie bila kuruka. Usilifunike. Lenye mfuniko lina mlango mmoja, na mlango mmoja ni mtego mwenzake akikaa mbele yake. Mchanga mwembamba uliochekechwa wa kina cha sentimita 5 unatosha. Vumbi la mbao nalo linafaa likiwa halitokani na mbao zilizotiwa dawa.

Safisha kwa sabuni ya kawaida na maji ya moto. Zile dawa za kuua viini zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizimimina kwenye maji mara nyingi zina fenoli, na ini la paka haliwezi kuishughulikia. Atakanyaga, atajilamba, ataugua. Penye mkojo kwenye godoro au kochi tumia sabuni ya unga yenye vimeng'enya, suuza, acha pakauke, kisha pitisha spiriti ya dukani. Usitumie chochote chenye amonia, kwa kuwa kwa pua ya paka hiyo ni harufu ya mkojo wa mgeni. Na mama mjamzito asiguse beseni hilo kwa sababu ya vijidudu vya toksoplasma. Kinyesi kikiondolewa kila siku hatari hupungua sana, kwani huchukua siku moja hadi tano kabla ya vijidudu hivyo kuweza kuambukiza.

Chakula kigawanye kwa sahani na kwa macho. Kila paka na sahani yake ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha hawaonani wakila. Mmoja sakafuni jikoni, mmoja juu ya meza, mmoja chumbani mlango ukiwa umerudishwa. Tumbo la paka ni dogo na porini angekula vijimlo zaidi ya kumi kwa siku, kwa hiyo milo mitatu au minne midogo inatuliza kuliko mmoja mkubwa wa usiku. Paka wa kilo 4 anahitaji kama gramu 50 hadi 60 za chakula kikavu kwa siku. Wanaolisha omena waioshe mara kadhaa kutoa mchanga, waichemshe bila chumvi, na wasitegemee samaki peke yake. Ugali na maziwa haujengi paka: anahitaji taurini, ambayo hutoka kwenye nyama na samaki, na maziwa huwaharisha wakubwa wengi. Maji yakae mbali na chakula na mbali na choo, sehemu mbili au tatu.

Kisha panda juu. Nyumba ya mita tatu kwa tatu ina sakafu ndogo lakini ina kuta nne, na paka anahesabu kila rafu kuwa nafasi. Mwambie fundi akupigilie mbao za upana wa sentimita 25 hadi 30, mbili tatu, kwa ngazi, zenye njia ya kupandia na nyingine ya kushukia. Rafu yenye njia moja hurudisha lile tatizo la mlango. Juu ya kila moja weka kipande cha gunia. Mti wa kukwarua makucha uwe mrefu wa sentimita 80 au zaidi, uliozungushiwa kamba ya mkonge, na usimame imara. Ukiyumba mara moja paka hatarudi, atarudi kwenye kochi. Uweke kwenye njia wanayopita wote, kwa sababu kukwarua ni kuacha ujumbe, na ujumbe hauachwi kichochoroni.

Mgeni akija, mpe chumba chake mlango ukiwa umefungwa, pamoja na choo, maji na katoni ya kujificha. Kisumu usitumie bafu la mabati, saa saba mchana ni tanuri. Wiki mbili za kwanza ni za afya pia: viroboto, minyoo, chafya, na ugonjwa wa leukemia ya paka unaoambukiza kwa mate na kuchangia vyombo. Wakati huo chukua soksi safi, isugue kwenye mashavu ya mgeni, uiache sebuleni. Nyingine ya wenyeji ipeleke kwake. Wakiinusa na kuendelea na shughuli zao, anza kuwalisha pande mbili za mlango uliofungwa, sahani zikiwa mita mbili kutoka mlangoni. Kila mlo uliokwenda vizuri, zisogeze kwa upana wa kiganja. Mmoja akiacha kula au akifoka, zirudishe zilikokuwa jana. Zikifika mlangoni, weka fremu ya mbao yenye wavu wa kuku badala ya mlango, waonane wakila kwa dakika tano, halafu kumi. Mtoto wa paka anaweza kukubalika ndani ya wiki mbili. Mkubwa kwa mkubwa ni wiki nne hadi sita, na wengine miezi.

Kinachoharibu ni haraka. Kuna wanaomleta mgeni akiwa amepakatwa, wakamsukuma usoni pa mwenyeji ili "wajuane," na kuna wanaosema waache wapigane wamalizane. Paka hawamalizani. Vita vya kwanza hukaa kichwani, na kila wanapoonana tena wanaanzia pale walipoishia. Wiki chache za subira mwanzoni ni rahisi kuliko mwaka mzima wa kufunga na kufungua milango.

Kuna ugomvi mwingine unaowashangaza hata wazoefu. Paka wawili waliolala pamoja miaka mitano, mmoja anapelekwa kwa daktari, anarudi jioni, na mwenzake anamvamia kama adui. Harufu ya nyumba imefunikwa na ya spiriti na dawa. Mweke chumba tofauti hadi kesho yake, msugue kwa blanketi lao wote wawili, kisha mfungulie. Wakiweza kwenda kwa daktari pamoja, waende pamoja. Unaofanana na huo ni ugomvi wa dirishani: shume anapita uani, aliye ndani anamwona, hamfikii, na anamgeukia aliye karibu, awe paka au mguu wa mtoto. Usimshike. Tenganisha kwa mto au kipande cha ubao, mpeleke chumba chenye giza, umwache saa kadhaa, hata usiku mzima. Kisha funika kioo cha chini cha dirisha kwa karatasi au leso, sentimita 60 kutoka chini, mpaka shume apoteze mazoea.

Ukiumwa na paka, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali siku hiyohiyo. Paka wote wapate chanjo ya kichaa cha mbwa wakiwa na miezi 3, kisha kila mwaka. Kwa paka mwenyewe, jeraha la meno hujifunga juu na kuoza ndani; baada ya siku mbili tatu utaona uvimbe wa moto na paka hataki kuguswa. Hilo ni la daktari wa mifugo, na usimpe panadol hata robo, itamuua.

Dume anayeingia na kutoka kwenye beseni, akijikamua bila mkojo kutoka, akilia na kujilamba chini, huyo hana kesho ya kusubiri. Njia ya mkojo imeziba, na siku moja au mbili zinatosha kumuua. Msongo wa kuishi na mwenzake mbabe ni mojawapo ya mambo yanayochochea matatizo ya kibofu, kwa hiyo baada ya matibabu rudi kwenye ramani yako. Vivyo hivyo kwa anayejilamba tumbo mpaka likawa na upara, na kwa aliyeacha kula: akipitisha siku nzima bila kitu, hasa aliyekuwa mnene, ini lake linaanza kuwa hatarini.

Ipo pia jozi isiyowezekana. Umeongeza vyoo, umepigilia rafu, umewatambulisha upya tangu mwanzo, na baada ya miezi mitatu jedwali bado linaonyesha mmoja anayekimbizwa kila siku na kula akiwa peke yake gizani. Hapo mtafutie huyo nyumba nyingine isiyo na paka, na usione umeshindwa. Mpeleke na gunia lake la kulalia bila kulifua, na chakula alichozoea cha wiki moja. Mwambie anayempokea amfungie ndani kwa wiki tatu au nne kabla ya kumruhusu kutoka, mara ya kwanza jioni kabla ya kula, akiwa na njaa kidogo, ili sauti ya sahani imrudishe.